Kuzidisha Mwanga kwa Makusudi

Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za seva, hifadhidata na hitilafu zinazonikosesha usingizi. Leo nivumilieni kidogo, maana nataka kuzungumzia kamera. Lakini msiondoke upesi! Katikati ya kisa hiki mna programu niliyoiandika kwa mikono yangu, na ndani ya programu hiyo mna kosa lililopita majaribio yote bila hata moja kulalamika.

Mambo yalianza hivi. Mwaka wa 2022 tulipata kazi ya kutengeneza programu ya simu ya kusajili wakulima. Afisa wa nyanjani anamtembelea mkulima, anajaza jina, nambari ya kitambulisho na ukubwa wa shamba, kisha anampiga picha. Mteja wetu alikuwa amechoshwa na picha mbovu. Nyingine zilikuwa na ukungu, nyingine nyeusi ti, nyingine nyeupe pe. Nikapewa jukumu la kuandika kipande cha programu cha kuichunguza picha papo hapo na kuikataa ikiwa mbovu, ili afisa apige nyingine kabla hajaondoka.

Kwa mtu aliyesomea sayansi ya kompyuta, hiyo si kazi ya kuvunja kichwa. Picha kwa kompyuta ni jedwali la nambari tu. Kila pikseli ina nambari tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Unazichanganya kwa uzani unaotumika miaka mingi, yaani 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya buluu, unapata nambari moja ya mwangaza. Sifuri ni weusi mtupu, 255 ni weupe mtupu. Nikaandika kanuni mbili. Ya kwanza: wastani wa mwangaza wa picha nzima usiwe chini ya 60 wala juu ya 190. Ya pili: pikseli zenye mwangaza wa 250 au zaidi zisizidi asilimia 5 ya picha. Zikizidi, simu inatoa maandishi mekundu: "Picha ina mwanga kupita kiasi. Piga tena."

Niliijaribu kwa picha za wenzangu ofisini, chini ya taa, karibu na dirisha, kwenye ngazi. Yote yakaenda sawa. Nikafunga kazi, nikaenda kunywa chai.

Desemba mwaka huo nikaenda nyumbani Kilifi kumwona nyanya, mamake mama. Nilikuwa na kamera yangu, Nikon D3200 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55. Saa saba mchana nilikuwa nimeketi ndani ya nyumba. Nyanya alikuwa mlangoni, akishona makuti, ameugeuzia uso wake ndani ili tuzungumze. Nyuma yake ulikuwa uwanja: mchanga mweupe unaowaka jua, leso mbili kwenye kamba, na mwembe mkubwa alioupanda babu walipohamia pale. Nikamwambia, "Nyanya, tulia hivyo hivyo." Akasema, "Na wewe mume wangu na kikamera chako!" Nikabonyeza.

Hapa lazima nieleze kamera inavyofikiri. Kamera haimjui nyanya. Haijui mchanga, wala mwembe, wala mlango. Ndani yake mna kipima mwanga, na kipima mwanga hicho kinaamini jambo moja: kwamba dunia, ukiikoroga yote pamoja, hutoa kijivu cha katikati. Kwa jadi husemwa ni kijivu kinachoakisi asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kwenye jedwali letu la 0 hadi 255, kijivu hicho hukaa karibu na 118. Kila unapobonyeza, kamera huivuta picha kuelekea hapo. Mpige paka mweusi juu ya makaa, atatoka kijivu. Mpige bibi harusi mwenye nguo nyeupe mbele ya ukuta mweupe, naye atatoka kijivu, kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya tope. Kamera za siku hizi huigawa picha vipande vipande na kufanya hesabu za werevu zaidi, lakini mazoea hayo bado yamo.

Sasa iweke kamera hiyo mbele ya mlango wa Kilifi saa saba mchana. Iliona mwanga mwingi wa uwanjani, ikaupunguza. Ikachagua kasi ya 1/1600 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, ISO 200. Mchanga ukatoka vizuri. Mwembe ukatoka na majani yake. Leso ungeweza kuzihesabu maua. Nyanya akatoka doa jeusi lenye umbo la mtu.

Nikalitazama lile doa kwenye kioo cha kamera, kisha nikainua macho ukutani.

Ukutani kwa nyanya pana picha moja tu ya babu. Alifariki kabla sijazaliwa. Ni picha ya studio, nyeusi na nyeupe, iliyokuzwa kutoka kwenye picha ndogo ya kitambulisho. Kola ya shati inaonekana wazi, hata kifungo cha juu. Uso hauonekani. Ni weusi, na ndani ya weusi huo mna nukta mbili nyeupe za macho. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama kama ninafanana na babu. Alinionyesha picha ile, akatabasamu, akasema, "Utajuaje?" Yule mpiga picha aliipimia mwanga shati, mwenye shati akamwacha.

Na si mpiga picha mmoja tu. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilitumia kadi za kusawazishia rangi zilizotoka Kodak, zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zikaja kuitwa kadi za Shirley, na ngozi ya Shirley ndiyo iliyokuwa kipimo cha "sawa". Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliiandika historia hiyo mwaka wa 2009. Anaeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika kuwa filamu zinashindwa na rangi za hudhurungi walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Picha ya babu si ya rangi, kwa hiyo kadi zile hazihusiki nayo moja kwa moja. Ila kila nikikumbuka habari hiyo hucheka peke yangu: babu alikuwa mweusi kuliko chokoleti, na hakuwa na kiwanda cha kumlalamikia.

Basi nikaamua. Kamera yangu ina kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ukikishika na kuzungusha gurudumu, unaiambia kamera: nimekusikia, lakini ongeza. Wapiga picha huuhesabu mwanga kwa hatua, na kila hatua ni maradufu. Hatua moja ni mara 2, mbili ni mara 4, tatu ni mara 8, nne ni mara 16. Nikaenda hatua nne. Kasi ikashuka kutoka 1/1600 hadi 1/100. Kamera ikaanza kumeta vitu vyeusi kwenye kioo, onyo kwamba sehemu kubwa ya picha imeungua. Nikaliona onyo. Nikaliacha limete.

Jamani, picha ile! Uwanja wote uliyeyuka ukawa weupe. Ukingo wa mlango ukabaki kama mstari, na mwanga ukamwagika kuuzunguka, ukalamba bega la nyanya na ukingo wa leso yake. Na uso ukaja. Makunyanzi, kovu dogo juu ya nyusi la kuangukia jiwe la kusagia utotoni, jicho la kushoto linalofinyika akitaka kucheka. Vidole vyake viko kwenye makuti na unaona ni kidole kipi kinachovuta na kipi kinachoshikilia. Nyuma yake hakuna kitu kinachokuita uondoke usoni.

Kuzidisha mwanga kwa bahati mbaya na kuzidisha kwa makusudi huzaa pikseli zile zile. Ukizitazama nambari peke yake huwezi kujua ni lipi. Tofauti iko kwa mtu: je, alichokipoteza ndicho alichokubali kukipoteza? Ansel Adams na Fred Archer, wapiga picha wa Marekani, walilitengenezea jambo hili utaratibu mzima karibu na mwaka wa 1940. Waliugawa mwangaza katika kanda 11, kuanzia kanda ya 0 iliyo nyeusi kabisa hadi ya 10 iliyo nyeupe kabisa, na kanda ya 5 ndiyo kijivu chetu cha katikati. Kipima mwanga kila kitu unachokielekezea hukipeleka kanda ya 5. Mpiga picha ndiye anayesema: hapana, huyu namtaka kanda ya 4, na ule ukuta uende 9. Ukishamweka mmoja mahali pake, wengine wote wanasogea naye. Huwezi kumwinua nyanya ukauacha mchanga ulipokuwa.

Wako waliousukuma mwanga mbali zaidi. Hiroshi Sugimoto wa Japani alianza miaka ya 1970 mfululizo wa picha za kumbi za sinema. Alikuwa akiifungua shata filamu inapoanza na kuifunga inapokwisha. Matukio yote ya filamu, mchana na usiku wake, yakajirundika juu ya kioo cha sinema hadi kikawa mstatili mweupe usio na kitu. Lakini mwanga wa mstatili huo ndio unaokuonyesha ukumbi, viti na nakshi za kuta. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni hila. Siku hizi naona ndiyo maelezo mafupi kuliko yote: sehemu moja imeungua ili nyingine ionekane.

Zamani mpiga picha wa filamu alikuwa na bahati kidogo. Filamu hasi ikizidishiwa mwanga huzidi kuwa nzito polepole, na mara nyingi maabara iliweza kuvuta kitu kutoka kwenye uzito huo. Sensa ya kidijitali ni kama ndoo chini ya bomba. Inajaa sawasawa, tone kwa tone, hadi ukingoni. Ikishafika ukingoni, maji yanayofuata yanamwagika na hakuna wa kukuambia yalikuwa kiasi gani. Pikseli iliyojaa mara moja na iliyojaa mara kumi zote zinasoma sawa. Kwa lugha yetu ya programu, hatuwezi kurudi nyuma.

Jioni ile nikaihamishia picha kwenye laptopu. Nikiwa na furaha zangu, nikasema hebu niipitishe kwenye ile programu ya kazini, kwa utani tu. Ile ambayo nyanya ni doa jeusi: "Picha ni nzuri. Endelea." Ile ambayo nyanya ni nyanya: "Picha ina mwanga kupita kiasi. Piga tena."

Nilikaa kimya. Nikapima uso peke yake. Kwenye picha "nzuri", wastani wa mwangaza wa uso ulikuwa 20. Kwenye picha "mbovu" ulikuwa 94. (Msishangae kwamba mwanga mara 16 haukuifanya nambari kuwa mara 16. Nambari za faili la picha hazipandi sambamba na mwanga. Hupindwa ili zifuate jicho la binadamu.) Asilimia 38 ya picha ile ilikuwa nyeupe, na kanuni yangu iliruhusu 5. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu programu ambayo ingemkubali babu wa ukutani, kola safi na kifungo, ikamkataa mtu mwenye uso.

Nilipomwonyesha nyanya, aliisogelea laptopu mpaka pua ikakaribia kioo. Akacheka. "Umenikoleza, mume wangu! Hata kovu langu unalianika." Kisha akanyamaza, akanyoosha kidole kwenye weupe. "Na mwembe wa babuyo u wapi?"

Nikamweleza kwamba ulikuwa na mwanga mwingi, kwamba kamera haiwezi kubeba vyote, kwamba nilichagua uso wake. Nadhani nilimweleza hata habari ya ndoo na bomba. Alinisikiliza kwa heshima zote, kama anavyomsikiliza daktari kijana. Halafu akasema, "Basi umeniweka mimi, babuyo umemtoa."

Nikacheka. "Mwembe si upo pale nje, nyanya? Kesho nitaupiga wenyewe." Kesho yake kulikuwa na wageni. Kesho kutwa nikapanda basi kurudi Nairobi.

Januari 2023 nilipoingia ofisini kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua folda ya picha zilizokataliwa kwa "mwanga kupita kiasi". Nilikuta kile nilichokuwa nakiogopa. Watu wamesimama mbele ya mabati mapya yanayomeremeta. Watu wamesimama uwanjani mwa mchanga mweupe, kama wa kwetu. Katika picha nyingi uso ulionekana vizuri kabisa, na nyuma ndiko kulikoungua. Kisha nikafungua zilizokubaliwa baada ya hizo, yaani mtu yule yule, dakika chache baadaye. Maafisa walikuwa wamejifunza kuiridhisha programu yangu. Walikuwa wakiwaingiza watu ndani, gizani. Au wakiwasimamisha wakitazama jua, macho yamefumba. Mzee mmoja kwenye picha ya kwanza amevaa kofia nyeupe iliyotariziwa, na amesimama wima kama mtu anayejua anapigwa picha. Kwenye picha ya pili hana kofia, na amekunja uso. Hakuna aliyeniambia kilichotokea kati ya picha hizo mbili. Lakini naijua kanuni iliyomvua kofia mzee wa watu. Niliiandika mimi, kisha nikaenda kunywa chai.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi. Tafuta uso kwanza. Pima mwangaza ndani ya uso tu, na hakikisha una tofauti za kutosha kati ya sehemu zake angavu na za kivuli. Nyuma kuwe kweupe kunavyotaka. Kazi ndefu ilikuwa kuhakikisha kwamba hicho kifaa cha kutafuta uso kinaziona nyuso za watu wetu, maana navyo vina historia yake. Mwaka wa 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichunguza mifumo mitatu ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa uso, wakakuta makosa ya hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa hiyo sikukiamini kwa jina lake. Nilikijaribu kwa zile zile picha zilizokataliwa, moja baada ya nyingine, nikizitazama kwa macho yangu. Majaribio ya kwanza niliyafanya kwa picha za ofisini, na ofisini kwetu hakuna mchanga.

Hapo ningeweza kumaliza, nikawaacha mkidhani nimejifunza. Lakini kuna sehemu ya pili.

Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilinyesha Pwani kama zilizotumwa. Novemba mama akanipigia simu, akasema wote wako salama, nyumba iko salama, ila mwembe wa babu umeanguka usiku. Ulianguka upande wa barabara, haukumgusa mtu. Walikuwa tayari wamepasua kuni.

Jambo la kwanza lililonijia, na mtanisamehe, ni ile picha ya kwanza. Ile ya doa jeusi, ambamo mwembe ulitoka na majani yake. Nikafungua laptopu. Haikuwepo. Nikatafuta kwenye diski ya akiba. Haikuwepo. Kisha nikakumbuka: Kilifi kule kule, baada ya utani wangu na programu, kadi ya kamera ilikuwa imejaa, nami nikafuta "mbovu" zote kupata nafasi. Mimi, ninayewahubiria hapa kila mwezi habari za nakala za akiba! Niliifuta kwa sababu nyanya hakuonekana. Sikujiuliza kama kuna mwingine anayeonekana.

Nikaligeukia faili ghafi la ile picha angavu. Faili ghafi la kamera hii lina biti 12, yaani ngazi 4,096, kuliko zile 256 za picha ya kawaida. Nikaushusha mwanga hatua moja, mbili, tatu, nne. Nikaandika hata programu ndogo ya kuchungulia kila rangi peke yake, maana mara nyingine kijani kikijaa, nyekundu huwa bado ina nafasi. Mchanga, hamna. Leso, hamna. Majani yaliyokuwa juani, hamna. Kilichotoka ni mstari mmoja hafifu, kama wa penseli, ulipokuwa upande wa kivuli wa shina. Ndiyo picha yote ya mwembe niliyo nayo.

Najua mtu atasema simu ya kisasa isingekuwa na shida hii. Kweli. Simu hupiga picha kadhaa kwa mkupuo na kuziunganisha, uso kutoka hapa, uwanja kutoka pale. Nyingine hata zimefundishwa kuziheshimu ngozi nyeusi. Google walilitangaza hilo na simu za Pixel 6 mwaka wa 2021. Simu ingemweka nyanya, mwembe, na maua ya leso. Silibezi hilo, na sitamwambia mtu mwenye simu nzuri akanunue kamera kuukuu. Ila picha za namna hiyo, ambamo kila kitu kimepimwa kikaonekana sawa, hunifanya nizurure. Picha ya nyanya hainiruhusu kuzurura. Ingekuwa leo, ningeuzidisha mwanga tena, hatua zile zile nne.

Ila ningefanya mambo mengine tofauti, na haya ndiyo nawaachia wale watakaojaribu. Washa lile onyo la kumeta, ulisome kabla ya kulipuuza: linakuonyesha hasa kile unachokitoa. Pima mwanga usoni kwa kipimo cha nukta, usipime chumba kizima. Tumia faili ghafi, lakini usilitegemee likufufulie kilichojaa hadi ukingoni. Piga picha mbili, moja ya uso na moja ya uwanja. Kamera yangu haina njia ya kuzipiga zote kwa mbonyezo mmoja, kwa hiyo mikono ndiyo itafanya kazi. Usifute kitu ukiwa bado uko pale pale ulipopigia. Na kabla hujaamua nyuma ni mandhari tu, muulize mwenye nyumba. Mimi nilimuuliza nyanya baadaye, alipokwisha kuniuliza yeye.

Krismasi ya 2023 nilimpelekea ile picha, imechapishwa kubwa, ndani ya fremu. Nilitaka kumwomba radhi lakini sikujua pa kuanzia. Aliipokea, akaitazama, akamwambia binamu yangu aitundike kando ya babu. Sasa wako wawili ukutani, mmoja ameliwa na giza, mwingine amezungukwa na mwanga.

Mara ya mwisho nilipokwenda, jirani alikuwa amekuja kuazima sufuria. Akaisifu picha. Nyanya akainuka, akamshika mkono, akampeleka hadi ukutani. Akaweka kidole juu ya kioo, kwenye ule mstari wa penseli ambao mimi nilihitaji siku tatu na programu kuupata. Yeye alikuwa ameuona kwa macho yake. "Hapa," akamwambia, "hapa pana mwembe wa mzee." Kisha akasogeza kidole polepole kwenye weupe, akamwonyesha matawi yalikofika.

Haya basi, wasomaji wangu. Wiki ijayo tunarudi kwenye seva, naahidi. Kwaherini kwa sasa.